Mashine ya Kona na Koti la Hakimu

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimekuwa mmiliki wa kompyuta. Nyeusi, nyembamba, ukubwa wa kitabu cha hesabu cha darasa la tano. Haina feni. Ukiiwasha husikii kitu, ni kimya tu, kimya cha mtu anayefikiri. Nimeipenda papo hapo.

Sababu ya haraka yote hii: jana, sahani zikiwa bado mezani, mke wangu alitoa tangazo. Yeye ni fundi cherehani na chumba chetu cha mbele ndicho karakana yake. Ameiuza ile meza kubwa ya pasi, kwa hiyo kona ya dirishani iko wazi. Kona yenye mwanga. Kona yenye soketi! Wanaoitaka ni wawili: mimi, na mdogo wake wa kiume, fundi simu, ambaye mtaa mzima unamwita Chaji. Mke wangu akasema hataki kelele. Jumamosi jioni akifunga kazi, atakayekuwa na shughuli inayotembea na isiyomfukuzia wateja ndiye mwenye kona. Mama mkwe, ambaye hukaa humo akishona vifungo, akaitikia kwa kichwa kama anayegonga muhuri.

Chaji alileta meza yake kabla sahani hazijaoshwa.

Mimi nilikuwa karani wa ghala. Ghala likafungwa, na mimi nikafungwa nalo. Tangu hapo wateja wakimuuliza mke wangu mumewe anafanya nini, anajibu kwamba yupo. Ni jibu la kweli. Lakini mtu mzima anatamani sentensi ndefu kidogo. Ndiyo maana naitaka kona. Nitawaombea watu kazi na vyuo kwenye intaneti. Mteja anakaa, anaeleza shida, mimi nabofya. Kazi ya heshima, viatu havichafuki.

Ofisi ya bima iliyo karibu inahama. Nimewabebea makabati asubuhi nzima kwa makubaliano kwamba nitachagua kitu kwenye rundo la vilivyotupwa. Mtu mwingine angechukua viti. Mimi nilichukua akili. Na skrini yenye mkwaruzo mmoja, na kibodi.

Nimeiwasha mbele ya familia. Yakatokea maandishi kwamba inatafuta seva. Kiduara kikaanza kuzunguka. Nikawaeleza kwamba mashine za zamani zina adabu, hazikurupuki. Mchana ilikuwa inatafuta. Alasiri inatafuta. Chaji akaja, akaitazama, akaiweka soda yake juu yake. Kisha akasema kwa upole ule wake unaoudhi:

"Shemeji, hii si kompyuta. Hili ni dirisha tu. Nyumba yenyewe imebaki kule ofisini."

Akaeleza kwamba mashine za aina hii hazina akili zao wenyewe. Kazi yote hufanywa na kompyuta kubwa moja iliyofichwa chumba cha nyuma, ndiyo hiyo seva, hizi ndogo zinaonyesha tu. Zikimkosa mkubwa wao, zitamtafuta mpaka zife.

Mama mkwe, bila kuinua macho kwenye sindano, akasema anamjua mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 7 Mei

Sijakata tamaa. Asubuhi nzima nimetazama video kwenye simu. Mwalimu wangu ni mtu ambaye haonyeshi uso, mikono tu. Hadi saa nne nilikuwa naijua ile mikono kuliko yangu. Mikono inasema dirisha linaweza kupewa akili. Akili hiyo inaitwa Linux. Unaitia kwenye flashi, unaichomeka flashi, mashine inamsahau seva na kuanza kujitegemea.

Na ni bure! Nimerudia hapo mara kadhaa kuhakikisha. Watu wasiojuana, nchi mbalimbali, wameitengeneza pamoja na kuigawa bila malipo. Nikajaribu kuwawazia watu wa mtaa wetu wakifanya hivyo. Nikaacha, kichwa kiliuma.

Tatizo: ili kuitia kwenye flashi unahitaji kompyuta inayofanya kazi. Ninayemjua mwenye laptopu ni mmoja, na ndiye adui.

Nikala njama. Nikaenda kibandani kwa Chaji, nikamwambia mama yake anamwita. Akauliza kuna nini. Nikasema sikuuliza, mimi ni mkwe, siwezi kumhoji mama. Akatoka mbio, akaniachia kibanda. Na laptopu. Na bando lake la intaneti.

Linux ziko nyingi, kila moja na picha yake. Nikachagua yenye ziwa na mlima wenye theluji. Mashine yangu ina kumbukumbu ndogo kiasi kwamba picha za harusi yetu zisingeenea, lakini niliona tusianze maisha mapya kwa unyonge. Kisha, kwa kuwa bando halikuwa langu, nikashusha na nyingine, ndogo mno, haina hata picha, rangi ya kijivu tu kama sare ya jela. Hiyo nikaitia kwenye flashi ya pili. Ya akiba.

Chaji alirudi jioni, kajaa vumbi mpaka kope. Mama mkwe hakuwa amemwita, bila shaka, lakini alipomwona mlangoni alisema Mungu amesikia. Akamkung'utisha godoro, akamhamishisha kabati, kisha akamrudishisha kabati lilikokuwa. Chaji alinitazama kwa muda. Kisha akatazama bando lake. Akasema ni sawa tu, shemeji, dunia ni duara.

Nikamwambia ndivyo wanasayansi wanavyosema.

Jumatano, 8 Mei

Flashi nimechomeka. Mashine imeipita kama tajiri anavyompita ombaomba, ikaenda moja kwa moja kumtafuta seva. Mikono inasema ni lazima uingie kwenye mipangilio na kuiamuru iangalie flashi kwanza. Nimeingia. Ikaomba paswedi.

Nimejaribu "bima". Nimejaribu "bima" na namba moja. Nimejaribu "meneja", "bosi", "siri". Nimejaribu "fungua" na "tafadhali". Chaji alipita akapendekeza "samahani". Nikajaribu. Hapana.

Nikarudi kwa Mikono. Mungu avibariki vile vidole! Kumbe ndani ya mashine kuna betri ndogo, bapa na ya mviringo kama sarafu, ambayo kazi yake ni kuikumbusha saa, tarehe na mipangilio hata umeme ukizimwa. Katika mashine nyingi za zamani, ukiitoa ukasubiri kidogo, mashine inasahau yote, paswedi ikiwemo. Nikachukua bisibisi ya cherehani, nikafungua. Betri ile pale, inang'aa. Nikaichomoa kwa kucha na, kwa kuwa mimi si mtu wa kupoteza vitu, nikaiweka mahali salama kabisa: kwenye kisosi juu ya meza ya mama mkwe, pamoja na visahani vyake vya bati vya vifungo.

Nikanywa chai. Nikawasha. Hakuna paswedi! Mlango wazi, ingia mwenyewe! Nikapiga ukelele, mke wangu akakata kitambaa upande. Nikaomba radhi nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Betri sijairudisha bado. Nimeona nisubiri. Hofu yangu ni hii: isije ikarudi na kumbukumbu zake, paswedi ikaingia nayo. Bora ipoe kwanza.

Karakana imechangamka. Mke wangu anamalizia koti la hakimu wa mahakama ya hapa, mwanamke mrefu, mkimya, mteja wake mkubwa kuliko wote. Anakuja kulichukua Jumamosi. Koti zito la rangi ya zambarau iliyoiva, na vifungo vikubwa vilivyofunikwa kwa kitambaa hicho hicho. Vifungo ni idara ya mama mkwe: anakata kiraka cha mviringo, anakizungusha kwenye kisahani cha bati, anakaza uzi nyuma. Nimemwambia leo vimetoka vizuri mno. Inalipa kumpaka mama mkwe mafuta. Akasema asante, baba, kimoja hasa kimemridhisha.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kuandikwa kwa wino mwekundu.

Asubuhi: aibu. Linux ya ziwa na mlima imekuja mlima tu, tena nusu ya juu. Theluji ikasimama. Nikasogeza kishale, kishale kikaja baadaye, kama ndugu aliyealikwa dakika ya mwisho. Ilipofika saa sita ziwa halijatokea. Wateja wawili waliuliza kama ni picha ya ukutani.

Mchana nikajikaza kisabuni, nikachomeka ile ya kijivu. Hapo kuna jambo la kueleza. Kwa kuwa mashine imesahau mipangilio yote, kila ikiwashwa lazima mtu abonyeze kitufe fulani, sekunde ile ile, la sivyo inakimbilia seva wake. Mimi nawahi au nachelewa. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Mama mkwe akachoka kuniangalia. Akainuka, akanisogeza kwa nyonga, akaniambia niwashe. Nikawasha. Akabonyeza mara moja. Linux ikaingia.

Akasema cherehani ya pedali ukiikanyagia nje ya wakati inarudi nyuma na kukata uzi. Amekaa nayo tangu hajaolewa. Akarudi kwenye kiti chake. Tangu saa hiyo anaita ile mashine "yangu".

Na inakimbia! Kila nilichofungua kikafunguka. Nikaunganisha simu kwa waya, nikaita intaneti. Hapo kurasa zote zikagoma. Zilisema hati zao za usalama bado hazijaanza kutumika. Bado! Nikatazama tarehe pembeni. Mashine inaamini ni tarehe mosi Januari, mwaka ambao mimi nilikuwa bado naazima viatu vya kaka. Haina betri ya kuikumbusha wakati, kwa hiyo imerudi utotoni, na intaneti haimpokei mtu aliyetoka zamani hizo.

Nikaweka tarehe kwa mkono. Kurasa zikafunguka. Nikamwita mke wangu aone. Akafuta mikono, akaja. Umeme ukakatika.

Uliporudi, mama mkwe akabonyeza, mashine ikaamka, ni Januari tena. Ukakatika. Ukarudi. Januari. Hapa kwetu umeme unapepesa kama jicho lenye mchanga. Hakuna mteja atakayekaa akinisubiri nikokote miaka yote hiyo kila mara. Basi, nikasema, nirudishe betri.

Kisosi ni kitupu.

Nikamwuliza mama mkwe, kwa adabu zote, kama ameona kitu cha mviringo. Akasema ameona vingi, vyote amevifunika. Akasema visahani vya siku hizi ni vyepesi kama maganda, isipokuwa kimoja alichokikuta kisosini, kizito, kimetulia mkononi. Hicho ndicho kifungo, akasema. Wangetengeneza vyote hivyo.

Nikatazama koti. Linaning'inia ukutani, limepigwa pasi, vifungo sita mbele, vyote vya zambarau, vyote vimevimba sawasawa kama mashavu ya mtoto aliyeshiba. Kimoja ni betri yangu. Kesho kutwa kinaenda mahakamani.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimefanya mambo kwa siri, tena kwa utaalamu.

Jaribio la kwanza: sumaku. Nimeichukua ile ya kuokotea sindano. Nikasubiri mke wangu aende kununua uzi, nikaipitisha kwenye koti. Ikanata kifungo cha kwanza. Nikafurahi. Ikanata cha pili. Ikanata vyote. Bati ni bati.

Jaribio la pili: uzito. Nikawa napima kila kifungo kwa kidole, macho nimefumba ili nisikie vizuri, uso karibu na kola. Mke wangu akaingia. Amenikuta nimekumbatia koti la hakimu, macho nimefumba.

Nikasema nilikuwa nastaajabia mshono.

Akasimama. Akasema kwa miaka yote aliyoshona sijawahi kuugusa mshono wake hata mmoja. Hakuwa na hasira. Ilikuwa afadhali angekuwa nayo. Nikajibu kwamba mtu hukua. Akaniangalia kidogo, akaenda kwenye cherehani yake, na nikasikia anaimba taratibu. Najisikia vibaya. Najisikia vibaya na vifungo ni vile vile sita.

Kuvikata siwezi. Mama mkwe ana jicho. Uzi wake anaujua. Na mke wangu akipoteza mteja huyu kwa ajili yangu, kona si kitu, nitahamia kwenye kibanda cha kuku.

Basi nimefanya lililobaki. Maji yamefika shingoni, nimekwenda kwa Chaji. Nikamweleza yote. Alisikiliza, hata hakucheka, isipokuwa mabega. Alipotulia akasema ana mita yake ya kupimia umeme, ina sindano mbili. Akizichoma nyuma ya kila kifungo, penye uzi, chenye umeme kitajitaja chenyewe. Kitambaa hakitaonyesha alama. Lakini sharti: nusu ya kona. Upande wa dirisha.

Nikakubali, nikiwa na nia kamili ya kumgeuka Jumamosi jioni. Nilimwona usoni kwamba naye ana nia hiyo hiyo. Tukapeana mikono kwa dhati.

Jioni nikafikiria jingine. Kama operesheni itashindikana, mashine isionekane imekaa bure. Nikachukua simu ya mke wangu, nikahamisha picha zote za nguo alizowahi kushona, maana huwa anapiga kila nguo kabla haijaondoka. Nikaiamuru Linux izionyeshe moja baada ya nyingine, kioo kizima, bila kusimama. Kwa hilo haihitaji intaneti wala kujua ni mwaka gani. Mtu akipita ataona mashine ina shughuli nyingi. Ni udanganyifu, lakini ni udanganyifu unaotembea, na sharti lilisema shughuli itembee.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mke wangu akatoka kupeleka sare za kwaya. Mama mkwe akabonyeza kitufe chake, mashine ikaamka Januari, picha zikaanza kupita. Akaenda jikoni. Chaji akaingia na mita ndani ya shati. Tukalishusha koti, tukalilaza sakafuni juu ya shuka safi, tukapiga magoti, yeye kulia mimi kushoto. Wachawi wangetuonea aibu.

Kifungo cha kwanza: kimya. Cha pili: kimya. Cha tatu: kimya. Cha nne, namba zikaruka. Volti tatu kamili! Betri ni nzima kabisa. Chaji akashika mkasi. Nikamwambia asikate, afumue. Akaniambia nimwachie fundi. Nikamwambia fundi wa simu si fundi wa koti.

Hapo ndipo kivuli kikatuangukia.

Hakimu. Amekuja mapema. Amesimama mlangoni na mkoba wake, na nyuma yake mke wangu; wamekutana njiani. Mbele yao wanaume wawili wamepiga magoti juu ya koti, mmoja kashika mkasi, mwingine kashika nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Mheshimiwa aliuliza, kwa sauti ya kazini, tunafanya nini.

Chaji, mwanamume yule, akaniachia neno. Nikasema tulikuwa tunakagua ubora. Akauliza kwa umeme? Nikasema siku hizi ndivyo. Mke wangu alivuta pumzi kama anayezama, akaliokota koti, akalikung'uta, akamvalisha. Likamkaa kama lilizaliwa naye. Mheshimiwa alifunga vifungo kimoja kimoja, na alipofika cha nne moyo wangu ukafungwa nacho. Akageuka kutafuta kioo.

Kioo kiko upande wa kona. Badala ya kioo akaona skrini.

Lilikuwa linapita gauni la kijani la mwaka jana. Kisha koti la muuguzi mmoja. Kisha suti ya bwana harusi, mbele na nyuma. Hakimu akasimama. Akavuta kiti cha Chaji, akakaa, koti likiwa mwilini. Akauliza kama picha zinaweza kusimama pale penye kola ya mviringo. Nikaisimamisha. Mashine ikatii mara moja, haikutafuta mtu. Akasema anataka kola ile, kwa kitambaa cheusi, na ile sketi iliyopita kabla yake. Huwa hajui aeleze vipi anachotaka, akasema, kwa hiyo siku zote huagiza kile kile.

Mimi nilikuwa namwangalia mke wangu. Hakuwa akimtazama hakimu. Alikuwa kasimama na futi yake shingoni, anatazama nguo zinavyopita, moja, na nyingine, na nyingine. Nguo huondoka, hajawahi kuziona pamoja. Akasema polepole:

"Hizi zote nimeshona mimi?"

Mama mkwe kutoka mlango wa jikoni akamjibu kwamba hakuna mwingine.

Hakimu akauliza nani aliyefikiria jambo hili. Mke wangu akanionyesha kwa kidole kilichovaa subana ya kushonea. Akasema ni mumewe, ndiye mwenye mashine, aliiokota ikiwa haina akili akaitia akili mwenyewe, wiki nzima hakula vizuri. Sentensi nzima! Yenye viungo vyote! Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwa muda mrefu.

Hakimu akaondoka na koti. Na kifungo cha nne. Hapa mtaani haki sasa inatolewa kwa volti tatu.

Nilipobaki na Chaji nikamwambia tumekwisha, betri imekwenda, mashine itabaki Januari maisha. Akaniangalia kwa huruma. Akasema betri kama zile fundi saa wa ng'ambo ya barabara anazo boksi zima, bei ya kiberiti. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia jana.

"Hukuniuliza, shemeji. Uliniuliza kifungo kipi kina umeme."

Saa kumi na moja nilikuwa nimeiweka mpya. Tarehe imekaa. Paswedi haikurudi. Umeme ukakatika, ukarudi, na mashine inajua leo ni leo.

Jioni mke wangu akatoa hukumu. Kona ni ya mashine. Picha za nguo zitapita muda wote wateja wakiwepo. Wasipokuwepo naweza kumbofyia mtu maombi yake. Meza ya Chaji inabaki, kwa kuwa mashine imeikalia. Upande wa dirisha ni wa mama mkwe, kwa ajili ya macho yake na kitufe chake. Nilimweleza kwamba sasa kitufe hakihitajiki tena, mashine inakumbuka yenyewe, naye akasema ataendelea kubonyeza. Chaji na mimi tutagawana kilichobaki, ambacho ni kama upana wa paka. Na jambo la mwisho, akasema akinitazama mimi peke yangu: kwenye kona hiyo hakiingii kifaa kingine cha kuokotwa.

Nikamwahidi. Nilimwambia wiki hii nimejifunza mengi: kutunza vitu, kuuliza kabla ya kutenda, kutotumia mama yake kama chambo. Akanipakulia tena.

Jumapili, 12 Mei

Nimepumzika. Nimetembea kidogo kunyoosha miguu.

Daktari wa meno wa mtaa wa pili anafunga kliniki. Nje ya mlango wake kuna kiti. Kiti chenyewe! Cha kijani, kinapanda, kinashuka, kinalala chali, kina taa ya mkono na pedali. Anayekihamisha atakichukua. Mota imekufa, lakini nimeangalia, Mikono ina video ya mota, na Chaji ana mita. Mteja wa nguo anayesubiri akae wapi? Kwenye stuli? Mtu akishalazwa chali chini ya taa hakatai kola yoyote.

Kimeshafika. Kilibebwa na watu sita. Hakipiti mlangoni, kwa hiyo kiko nje kwenye varanda, nimekifunika shuka.

Mke wangu alisema kwenye kona. Varanda hakuitaja.